Wasomaji Wanauliza: Na Watoto wa Tom Robinson Je?

Toleo lililopita tuligusia To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee wa Alabama iliyotoka Julai 1960, na barua zimemiminika hadi nikashindwa nianze na ipi. Kwa ambae hajaisoma, kwa kifupi ni hivi: mji mdogo wa kubuni unaitwa Maycomb, miaka ya 1930, hela hakuna kwa mtu yeyote, na msimulizi ni Scout, katoto kanakoanza hadithi hakajafikisha hata miaka 6. Ana kaka yake Jem anaemzidi kama miaka minne, mama yao alishafariki, baba yao Atticus ni wakili, na anaewalea hasa ni mpishi wao mweusi, Calpurnia. Mwanzoni watoto wanahangaika na jirani asietoka nje, Boo Radley. Baadae Atticus anapewa kesi ya kumtetea Tom Robinson, kibarua mweusi aliesingiziwa kumbaka binti wa kizungu, Mayella Ewell. Ushahidi unaonyesha hakufanya, anatiwa hatiani hivyo hivyo, na baadae anauawa kwa risasi akijaribu kutoroka gerezani.

Barua nimezifupisha, samahanini.

MAMA WA WATOTO WANNE, TEXAS: Dada, salamu. Sisi ni Wakongo, tulipita kambi ya Nyarugusu na sasa tuko huku. Kijana wangu wa miaka 14 amepewa kitabu hiki shuleni. Darasani kwao weusi ni wawili tu, na kinasomwa kwa sauti, mpaka lile neno baya wanalowaitia weusi linasomwa hivyo hivyo. Akirudi nyumbani hataki kula. Nimwambie mwalimu amtoe?

JIBU: Mama, pole sana wewe na huyo kijana. Mtoto asiekula anakuja kwanza, kitabu baadae. Mwandikie mwalimu ujumbe mfupi, umwombe mambo mawili: lile neno lisisomwe kwa sauti na mtu yeyote hata yeye mwenyewe, na mwanao asigeuziwe macho kila linapokuja jambo la weusi kana kwamba yeye ndo msemaji wao. Wala siyo ombi la ajabu, kitabu hiki kimeshagombaniwa sana huko. Mwaka 2017 shule za Biloxi, Mississippi, zilikitoa kwenye masomo ya darasa la nane sababu lugha yake ilikuwa inawakwaza watu, na zamani, mwaka 1966, bodi ya shule ya Hanover kule Virginia ilikipiga marufuku ikidai hakina maadili. Hao wa 1966 kilichowaudhi ni kwamba kuna kesi ya ubakaji ndani, machungu ya mtoto mweusi hayakuwa kwenye hesabu zao kabisa, kwa hiyo mtu akikwambia wanaolalamikia hiki kitabu wote ni walewale, usikubali.

Kumtoa kabisa mimi nisingemtoa. Akitolewa atakaa maktaba peke yake wakati wenzake wanaongelea watu kama yeye, na hilo nalo linauma kwa namna yake. Ningekaa nae nyumbani tusome pamoja, hata kama kiingereza kinakupiga chenga akusomee yeye akufafanulie. Na ningeanza na sura ya 12, Calpurnia anapowapeleka Scout na Jem kwenye kanisa la weusi. Kanisa linaitwa First Purchase kwa vile lilinunuliwa na hela za kwanza walizopata watumwa baada ya kuachiwa huru, na siku za wiki wazungu wanaingia humo kucheza kamari. Humo ndani vitabu vya nyimbo hakuna. Anasimama Zeebo, mtoto wa kwanza wa Calpurnia, mzoa taka wa mji, anasoma mstari mmoja, waumini wote wanauimba, anasoma mwingine, wanauimba, mpaka wimbo unaisha, na sababu yake ni kwamba wanaojua kusoma mle ndani ni wanne tu. Zeebo alifundishwa na mama yake. Utotoni mwake hakukuwa na shule ya watoto weusi, basi Calpurnia akamfundishia Biblia na kitabu kizee cha sheria alichopewa na babu yake Scout. Hapo msimamishe mwanao muongee. Muulize huyo Zeebo alipokuwa na umri wake alikuwa anajua nini kuhusu mji wa Maycomb ambacho Jem na Scout walikuwa hawajakijua bado.

Nasema hivyo kwa vile kitabu kimeandikwa kana kwamba msomaji ni mtoto wa kizungu anaeenda kushtuka. Wako hashtuki, anajiona. Ndo maana chakula hakipiti, na mwalimu anatakiwa aambiwe hivyo.

MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TANO, IRINGA: Shikamoo dada. Nimekimaliza kwa siku tatu nikalia. Swali langu, kama kila mtu mle mahakamani aliona Tom hana kosa, wale watu wa juri walimtia hatiani kwa kitu gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndo moyo wa kitabu chenyewe, acha nilijibu taratibu.

Juri ni watu 12 wa kawaida, raia tu, ndo wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana, jaji anasimamia sheria. Siyo kama wazee wa baraza tuliowazoea sisi kwenye kesi za mauaji ambao walikuwa wanatoa maoni halafu jaji anaamua mwenyewe. Na juri ya Maycomb wote ni wanaume, wote wazungu, wengi wakulima wa mashambani. Kwa sheria ya Alabama ya wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kabisa kukaa kwenye juri, na weusi hata pale ambapo sheria haikuwakataza kwa maandishi majina yao yalikuwa hayaingizwi kwenye orodha.

Sasa ushahidi. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, yaani aliempiga yaelekea alitumia mkono wa kushoto. Atticus anamhoji baba yake Mayella, Bob Ewell, anampa karatasi na kalamu aandike jina, anaandika kwa mkono wa kushoto, mahakama nzima inaona. Halafu anasimamishwa Tom, mkono wake wa kushoto ni mfupi na umekauka, ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba akiwa mdogo, hata kuuweka juu ya Biblia kuapa unateleza unaanguka. Daktari hakuitwa kumpima msichana. Kesi ilitakiwa iishe hapo hapo.

Ila soma vizuri pale mwendesha mashtaka anapomuuliza Tom, kwa nini alikuwa anamsaidia yule binti kazi za nyumbani kila siku bila malipo. Tom anajibu kwa ukweli wake wote kwamba alikuwa anamwonea huruma, maana alimuona anahangaika peke yake na wadogo zake saba. Basi, kwisha habari yake. Mayella kweli alikuwa wa kuonewa huruma, alijibana mwaka mzima kukusanya visenti vya kuwatuma wadogo zake mjini wakanunue ice cream ili abaki peke yake na Tom, msichana wa miaka 19 asie na rafiki hata mmoja duniani. Lakini mweusi kumwonea huruma mzungu maana yake amejiweka juu yake, na hilo ukumbi mzima uliona ni tusi kubwa kuliko kosa lenyewe aliloshtakiwa. Mimi kila nikisoma hapo naona kesi imeisha, hotuba ndefu ya Atticus inayokuja baadae ni nzuri ila watu wale walishaamua.

Kitu cha mwisho, angalia wanachukua masaa kujadili badala ya dakika. Atticus anakuja kumwelezea Jem kwamba kuna mmoja alikuwa anataka kumwachia Tom, ndugu wa wale wale Cunningham waliotaka kumvamia gerezani usiku. Wengine wanaona hilo ni tumaini. Tom alihukumiwa tu.

MSOMAJI, TANGA: Ni hadithi ya kweli au katunga?

JIBU: Katunga, lakini udongo aliofinyangia ni wa kweli. Harper Lee alizaliwa 1926 Monroeville, Alabama, na Maycomb ni Monroeville iliyobadilishwa jina. Baba yake, Amasa Coleman Lee, alikuwa wakili, na mwaka 1919 aliwatetea weusi wawili walioshtakiwa kumuua mwenye duka mzungu, wakanyongwa. Yule mtoto Dill anaekuja likizo ni Truman Capote, alikuwa jirani yao kweli na yeye akaja kuwa mwandishi mkubwa. Halafu Monroeville hapo hapo, mwaka 1933, mweusi mmoja anaitwa Walter Lett alikamatwa kwa madai ya kumbaka mwanamke wa kizungu, akahukumiwa kifo, gavana akaibadilisha kuwa kifungo cha maisha, na akafia kizuizini 1937. Harper alikuwa mtoto wa miaka 7, 8 hivi, na baba yake alikuwa anamiliki gazeti la mji, kwa hiyo habari hizi zilikuwa zinaingia mpaka mezani kwao.

Na kubwa kuliko zote ni kesi ya Scottsboro. Machi 1931 vijana 9 weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo Alabama, wakashtakiwa kuwabaka wasichana wawili wa kizungu, na ndani ya wiki chache 8 kati yao wakahukumiwa kifo. Mwaka 1933 mmoja wa wale wasichana, Ruby Bates, alisimama mahakamani akasema hakuna ubakaji uliotokea. Juri ikamtia hatiani kijana aliekuwa kizimbani hivyo hivyo, hata baada ya mwenye kudaiwa kutendewa kukana mwenyewe. Ilibidi Mahakama Kuu ya Marekani iingilie mara mbili, 1932 kwa sababu vijana hawakupewa mawakili wa maana, na 1935 kwa sababu weusi walikuwa wanazuiliwa kukaa kwenye juri. Hakuna alienyongwa mwishoni, ila miaka yao ililiwa na jela, na msamaha wa serikali ya Alabama kwa watatu wa mwisho ulitoka 2013, wote walishakufa.

MSOMAJI, NAKURU: Hiyo ya juri ya wazungu watupu imenikumbusha wazee wetu walivyokuwa wakituhadithia mambo ya masetla. Kwani kwetu haikuwa vilevile?

JIBU: Ilikuwa, na mkoloni alikuwa nayo kabisa kisheria. Kenya ya kikoloni mzungu akishtakiwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuamuliwa na juri ya wazungu wenzake, Mwafrika hakuwa na juri. Mwaka 1923, na siyo mbali na hapo ulipo, upande wa Molo, setla mmoja Jasper Abraham alimchapa kibarua wake Kitosh kwa vile alimpanda farasi badala ya kutembea nae kwa miguu, akamfungia stoo amefungwa kamba, na Kitosh akafa usiku ule. Juri ya masetla ikaona ni kosa la kujeruhi vibaya, siyo kuua. Miaka 2.

Halafu kuna hii ambayo tarehe zake zinanishangaza hadi leo. Oktoba 1959, Nairobi, Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, Mwafrika aliewarushia mawe mbwa waliokuwa wakimsumbua, mbwa wa Poole. Juri ya wazungu watupu ikamkuta na hatia ya mauaji, na tarehe 18 Agosti 1960 akanyongwa, mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Kitabu cha Harper Lee kilikuwa kimetoka Marekani mwezi mmoja tu kabla. Utawala wote ule wa mkoloni kabla ya hapo, ukifikiria waliokufa mashambani, na wa kwanza ni 1960, wakati uhuru unabisha hodi na kila mzungu anajua upepo umegeuka. Alabama ya 1935 upepo ulikuwa bado haujageuka.

MWALIMU WA FASIHI, MOROGORO: Nawafundisha wanafunzi wangu kwamba dhamira kuu ni watoto kupoteza ule utoto wao wa moyo, Scout na Jem wanaanza wakiamini watu ni wema, wanamaliza macho yamefumbuka. Ubaguzi unakuja kama dhamira ya pili. Unaonaje mwalimu mwenzangu?

JIBU: Mwalimu, naheshimu kazi yako na hujakosea, ila mimi nisingezitenganisha hizo dhamira mbili hata kidogo, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza Jem. Wengi wanamwangalia Scout kwa vile ndie anaesimulia, lakini anaevunjika ni Jem. Scout ni mdogo, anaona kila kitu bila kukipa uzito. Jem ana miaka 12 kwenda 13, anajua sheria kidogo, amehesabu ushahidi mwenyewe kule juu kwenye roshani ya weusi walikokaa na mchungaji Sykes, na ana uhakika kabisa wameshinda. Juri inaporudi, kila jibu la hatia linamtikisa mabega kama linampiga mgongoni. Akirudi nyumbani analia kwa hasira. Halafu kuna Dill, huyo anatoka mahakamani analia hata kabla ya hukumu, na kinachomliza siyo ushahidi, ni ile sauti ya dharau ambayo mwendesha mashtaka anamsemesha nayo Tom. Mtoto anaumwa na sauti tu. Wakubwa wote pale walishaizoea.

Lakini kafundishe na sura ya 24, nakuomba, watu wengi wanairuka kwa vile haina mahakama. Shangazi Alexandra, dada yake Atticus, amewaalika kina mama wa kanisa nyumbani, mkutano wa umisheni, kuna keki na vitafunwa, Calpurnia anapitisha sinia, Scout amevalishwa gauni. Mama mmoja, Bi Merriweather, anawasimulia wenzake kuhusu kabila moja huko porini, Wamruna, Harper Lee kalitunga tu hilo jina, jinsi wanavyoishi gizani, shida zao, watoto wao, na machozi yanamjaa machoni. Pumzi hiyo hiyo anahamia kwa mpishi wake mweusi, Sophy, kwamba tangu kesi ya Tom iishe dada huyo kazi yake ni kununa, akabidi amkumbushe kwamba Yesu hakuwahi kunung'unika. Wote wanaitikia. Na ndani ya sura hiyo hiyo Atticus anaingia jikoni anasema Tom ameuawa gerezani, kuna matundu 17 ya risasi, anamchukua Calpurnia waende kumwambia mjane. Shangazi Alexandra anatetemeka, anajifuta, anarudi sebuleni na sinia la vitafunwa, na Scout nae anabeba lake. Hapo ndo Scout anakuwa mwanamke wa kizungu wa Maycomb, mwalimu, anajifunza kutabasamu na sahani mkononi wakati mtu amekufa. Sisi tunaosoma kutoka upande huu tunajijua ndo hao wa kuliliwa kwa mbali, na mwenzetu aliepo jikoni hapo hapo haonekani.

Na yule mwalimu wa Scout, Bi Gates, anasimama darasani anamsema vibaya Hitler kwa kuwatesa Wayahudi, anaandika neno demokrasia ubaoni, anasema kwetu hatutesi mtu. Scout anakumbuka siku ya hukumu huyo huyo alisikika akitoka mahakamani anasema umefika wakati weusi wafundishwe adabu. Katoto kanaenda kumuuliza Jem inakuwaje mtu amchukie Hitler kiasi kile halafu awe hivi kwa watu wa nyumbani, na Jem anamkaba kola ya nguo, anapiga kelele hataki kusikia habari za mahakama ile tena kamwe. Mtoto akiuliza swali hilo ndo utoto umeondoka, na kilichouondoa ni ubaguzi wa watu wema, watu wa keki na ubao, Bob Ewell hata hahitajiki hapo.

Sasa nikufikishe ninapotaka. Sura ya 25. Atticus na Calpurnia wanafika kwa Helen, mke wa Tom, tunasimuliwa na Dill aliekuwa kwenye gari pamoja na Jem. Uani kuna watoto wanacheza. Kuna kasichana kadogo kamesimama juu ya ngazi za kibanda, kadogo mno kushuka kenyewe, Atticus anakapa kidole chake kakishike, kanashuka polepole mpaka chini, anakakabidhi kwa Calpurnia. Halafu Helen anatoka, anamuona Atticus, na kabla hajaambiwa neno lolote anaanguka chini mchangani. Hakusubiri kuambiwa. Alishajua.

Mwalimu, huyo mtoto wa ngazini ni wa Tom. Anaitwa nani? Hatuambiwi hata jina. Alipoteza nini siku ile, na alikuja kuelewa lini? Scout alipata sura 31 za kufumbuka macho, na baba wa kumpakata na kumwelezea. Watoto wa Tom watatu walipata baba kuchukuliwa, halafu mama yao kukosa kazi mji mzima mpaka yule mwajiri wa zamani wa Tom alipomchukua, halafu mama huyo kuzunguka njia ndefu kila siku kukwepa nyumba ya kina Ewell wasimrushie vitu. Kwao hakuna kitu kinachoitwa kupoteza utoto wa moyo kwa maana hawakuruhusiwa kuwa nao. Ule utoto mzuri wa Scout, wa kupanda miti na kuokota vitu kwenye tundu la mti, ulilindwa na Calpurnia aliekuwa analea mtoto wa mtu akinyamaza anachokijua. Kwa hiyo kama unawauliza wanafunzi nani kapoteza nini kwenye riwaya hii, waulize pia ni nani aliruhusiwa kuwa nacho. Ukiliuliza hivyo ubaguzi hauwezi kubaki dhamira ya pili.

MZEE WA MUSCAT, MZALIWA WA UNGUJA: Mwanangu, mimi nimekisoma zamani kwa kiingereza, na Atticus kwangu ni mtu wa mfano, mwadilifu. Sasa wajukuu zangu wananambia eti ni mbaguzi kuna kitabu kingine kinamuumbua. Ni kweli hayo?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wanasema kitabu kilichotoka Julai 2015, Go Set a Watchman, miezi michache kabla Harper Lee hajafariki Februari 2016. Humo Scout ana miaka 26, anarudi Maycomb kutoka New York, na anamkuta Atticus kwenye mkutano wa baraza la wazungu wanaopinga weusi kusoma pamoja na watoto wao. Watu wengi walikasirika kama wamefiwa. Lakini kumbuka hicho ndicho kiliandikwa kwanza, katikati ya miaka ya 1950, na mhariri wake Tay Hohoff akamshauri arudi nyuma aandike utoto wa huyo Scout, ndo tukapata hiki tunachokipenda.

Kwangu mimi hakuna haja ya kukimbilia cha pili ili kumuona Atticus vizuri. Yuko humu humu. Ni mtu wa heshima, aliburuta kiti na taa akakaa mbele ya mlango wa gereza usiku peke yake, na hilo nampa. Lakini kesi ya Tom hakuifuata, alipangiwa na jaji Taylor, na anasema wazi angependa isimfikie. Anawaambia watoto Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu la kuwatisha na kuwaua weusi, ilikuwa kitu cha siasa tu cha miaka ya 1920 hivi ambacho kilishaisha, na Bwana Cunningham aliekuja na genge la kumnyonga mtu anamwita mtu mwema mwenye upofu sehemu fulani. Mweusi wa Maycomb hawezi kumudu kuwaza hivyo, mzee wangu, upofu huo unaua.

Asubuhi baada ya hukumu familia inakuta nyuma ya jikoni kumejaa chakula, kuku, nyanya, nyama za kukausha, weusi wa mji wameleta katika mwaka ambao wao wenyewe hawana. Atticus macho yanajaa machozi, anamwambia Calpurnia awashukuru na wasirudie, hali ni ngumu. Mimi hapo namuona ni mwadilifu kama unavyosema. Na ningempenda zaidi kama kitabu kingetuonyesha hata mmoja wa hao walioleta kuku wakiongea majumbani kwao usiku ule walikuwa wanasema nini juu ya wakili, juri, na Tom. Wajukuu zako usibishane nao, wape hizo kurasa wazisome.

MSOMAJI, KIGALI: Nina muda mdogo. Niangalie filamu au nisome?

JIBU: Soma. Filamu ya 1962 ni nzuri, Gregory Peck alipata Oscar kwa kuigiza Atticus, na Brock Peters akiwa Tom anatoa ushahidi hadi unasahau unaangalia sinema. Ina zaidi kidogo ya masaa mawili, nyeusi na nyeupe. Lakini shangazi Alexandra hayumo kabisa, mkutano wa kina mama umeondolewa, na kanisa la First Purchase halipo. Kama muda ni mdogo kweli, soma sura ya 12, halafu ya 17 hadi 21 ambazo ni mahakamani, halafu 24 na 25, uje uangalie filamu baadae.